Wanakula Wapi? Bakuli la Tambi Guangzhou na Mgeni Tuliyemhoji Mjimwema

Mjimwema ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, na wengi huifahamu kwa kituo chake cha afya. Anayefika kwa mara ya kwanza huona nyumba za matofali ya kuchoma, migomba na miembe baina ya nyumba na nyumba, bodaboda zinazosubiri abiria, na kwa mbali milima ya Matogoro. Asubuhi za Juni na Julai baridi huwa kali kiasi kwamba wazee huja kuswali Alfajiri wakiwa wamejitanda mablanketi. Jina la mahali hapa ni zuri kulitaja, lakini ni zito kulistahiki.

Naanza na kosa langu, kwa kuwa safari nitakayoisimulia haina maana bila hilo.

Mwaka 2016, Ijumaa moja, aliingia msikitini mwetu mtu mmoja Mchina. Buti zake, alizozivua kwa adabu mlangoni, zilikuwa zimejaa vumbi jekundu la ujenzi wa barabara. Alitawadha, akatoa kofia nyeupe mfukoni, akaivaa, akaketi safu ya nyuma. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nimalize chuo na kuchaguliwa katibu wa kamati, na nilijiona mlinzi wa kila kitu. Wazee walinitazama, nami nikasimama. Nilimwendea yule mtu na kumuuliza kwa Kiarabu kama ni Mwislamu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwomba asome Suratul Fatiha. Akaisoma yote, mbele ya watu, kwa lafudhi ya kwao. Badala ya kumshukuru, nikamsahihisha matamshi ya herufi mbili. Akatabasamu, akarudia kama nilivyotaka.

Baada ya swala tulipeana naye mikono, kisha kila mmoja wetu akaenda kwake kula chakula cha mchana. Naye akaenda zake. Alikuja Ijumaa mbili nyingine, halafu hakuonekana tena. Katika Ijumaa zote tatu hakuna aliyemwambia, "Karibu nyumbani." Nami sikuliona jambo hilo kuwa ni upungufu, mpaka niliposafiri.

Safari yenyewe ilikuwa ya mjomba wangu, si yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa taa na betri za umeme wa jua mjini Songea. Oktoba 2018, mwezi wa Safar 1440 Hijria, aliamua kwenda mwenyewe kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957 na yanayofanyika mara mbili kila mwaka. Umri wake ulikuwa miaka 65 na ana kisukari, hivyo familia haikuridhia aende peke yake. Kamati nayo ilikuwa ikitafuta vipaza sauti vya msikiti kwa bei nafuu. Mambo hayo mawili yakakutana, nikawa msaidizi wa mjomba na mjumbe wa kamati kwa nauli moja.

Basi la kwenda Dar es Salaam huondoka Songea kabla ya kupambazuka. Hupanda na kushuka milima hadi Njombe, kisha Makambako, ambako kuna stesheni ya reli ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Tulipofika hapo mjomba alinionyesha upande wa stesheni. Alisema kwamba ujanani aliwahi kuwaona wajenzi wa Kichina wakila kwa vijiti viwili kutoka kwenye mabakuli, na vijana wa Kitanzania wakiwa wamesimama kuwatazama kama watazamao ngoma.

"Mlikula nao?" nikamuuliza.

"Wao hawakutukaribisha, na sisi hatukuwakaribisha," alijibu. "Tulitazamana tu."

Tulisafiri kwa ndege kupitia Addis Ababa. Guangzhou tulipanga chumba mtaa wa Xiaobei, ambao wafanyabiashara wa Kiafrika wanaujua vizuri. Katika mitaa ile mtu husikia Kifaransa cha Afrika Magharibi, Kiarabu, Kisomali na Kiswahili cha Kariakoo, na huona majengo marefu ambamo kila ghorofa ni maduka ya jumla. Lugha haikuwa shida ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa chakula.

Tuliambiwa mapema kwamba nguruwe ndiyo nyama kuu ya nchi ile, na kwamba hata kwenye orodha za vyakula neno "nyama" likiandikwa peke yake kwa kawaida humaanisha nguruwe. Mafuta yake pia hutumika kupikia. Basi siku mbili za kwanza tuliishi kwa ndizi, tende na karanga za kukaanga tulizotoka nazo nyumbani. Siku ya pili jioni tulinunua mkate. Mimi nikaugeuza karatasi yake, nikatazama maandishi nisiyoyajua hata moja, nikauweka kando kwa hofu kuwa huenda una mafuta tusiyoyataka. Mjomba hakubishana nami. Mimi ndiye niliyesoma.

Siku ya tatu tulizunguka katika maonyesho tangu asubuhi. Mjomba alikuwa amemeza dawa zake za kisukari kama kawaida, lakini tumboni hakuwa na kitu zaidi ya ndizi moja. Tulipokuwa tukirudi mtaani kwetu niliona jasho likimtoka na mikono ikimtetemeka. Akasema maneno yasiyofuatana. Kila mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani anaijua hali hii: sukari ya mwilini imeshuka mno, na mtu anaweza kupoteza fahamu. Karanga zilikuwa zimebaki chumbani. Nilitazama huku na huku. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na migahawa, na kila bango lilikuwa ukuta kwangu.

Hapo ndipo nilipoliona neno la kwanza nililoweza kulisoma tangu tufike. Lilikuwa juu ya mlango mwembamba, kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa kijani, lenye herufi nne tu za Kiarabu: ha, lam, alif, lam. Halali. Chini yake kulikuwa na herufi mbili za Kichina ambazo baadaye nilijifunza kuwa husomwa qingzhen.

Ulikuwa mgahawa mdogo wa tambi, wa kawaida kabisa. Ndani mlikuwa na meza sita za chuma na viti vya plastiki visivyo na egemeo. Juu ya kila meza palikuwa na kopo la vijiti, chupa ya siki na kibakuli cha pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Ukutani palikuwa na picha ya Al-Kaaba. Mwanamke aliyejifunga ushungi alikuwa akipokea pesa, na mtoto wa kiume wa miaka kama minane alikuwa akifanya kazi za shule kwenye meza ya pembeni. Mwenye mgahawa, aliyevaa kofia nyeupe kama ile niliyoiona Mjimwema, alitoka jikoni akiwa na unga hadi viwikoni.

Hakuniuliza kitu. Alimtazama mjomba mara moja, akamkalisha kitini, akaleta kikombe chenye kifuniko. Ndani yake kulikuwa na chai iliyotiwa matunda makavu yafananayo na tende na vipande vya sukari gumu kama mawe. Akaongeza sukari nyingine, akakoroga, akamshikia mjomba kikombe anywe. Baada ya dakika kama kumi na tano mikono ikatulia. Ndipo nilipokumbuka kutoa salamu. "Assalaamu alaykum," nikasema. Yule bwana akacheka, akaitikia kwa lafudhi ya kwao, na mke wake akaitikia kutoka kwenye meza ya pesa.

Kisha akarudi kwenye kazi yake, nasi tukaona jinsi tambi zinavyotengenezwa kwa mikono. Huchukua donge la unga wa ngano uliokandwa na kupumzishwa, uliochanganywa na maji ya magadi. Zamani magadi hayo yalitokana na majivu ya mmea wa nchi kavu za kaskazini magharibi ya China. Kazi yake ni kuufanya unga uvutike bila kukatika. Mpishi huusokota unga, huupiga mezani, huushika ncha mbili na kupanua mikono kama mtu anayekunjua kilemba. Halafu huukunja, ncha kwa ncha, na kuuvuta tena. Kila mkunjo huzidisha idadi mara mbili: nyuzi 2, 4, 8, 16. Kufikia mkunjo wa saba ni nyuzi 128, zote kutoka kwenye donge moja, zote zikiwa sawa. Mtoto akainua kichwa kwenye daftari lake kututazama tunavyoshangaa. Kwake yeye lilikuwa jambo la kila siku, kama kwa watoto wetu ilivyo kumwona mama akisonga ugali.

Tambi zikatumbukizwa kwenye maji yanayochemka, zikatolewa upesi, zikamiminiwa supu ya mifupa ya ng'ombe. Supu ilikuwa nyepesi hata chini ya bakuli palionekana. Nilitambua kwa pua tangawizi na mdalasini. Wenyewe husema bakuli halisi la namna hii hutambulikana kwa mambo matano: supu iwe angavu, vipande vya figili viwe vyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani ya giligilani na ya kitunguu saumu yawe mabichi, na tambi ziwe za manjano. Juu huwekwa vipande vichache vya nyama ya ng'ombe. Bei ilikuwa yuan 12 kwa bakuli, kama shilingi 4,000 za Tanzania wakati ule. Wateja walikuwa vibarua, madereva na vijana wa madukani. Kila mmoja aliinamia bakuli lake na kuzivuta tambi kwa sauti, na hakuna aliyeona haya, kwani huko si utovu wa adabu.

Bakuli likawekwa mbele yangu. Nami, msomaji, baada ya yote niliyoyaona, nikachukua simu kutafuta tafsiri ya maneno haya: nani alichinja ng'ombe huyu, na wapi?

Mjomba akaniwekea mkono juu ya simu.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "mtu huyu amenipa sukari kabla hajaniuliza dini yangu. Wewe unataka kumuuliza yake kabla hujampa shukrani. Huko chuoni hamkufundishwa kushukuru?"

Tulikuwa tumefundishwa. Tulifundishwa pia hadithi ya Mama Aisha (Radhiyallahu anha), iliyomo katika Sahih Bukhari, kuhusu watu waliomwambia Mtume (S.A.W) kwamba huletewa nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Allah. Waliokuwa wakiileta walikuwa wameingia katika Uislamu karibuni. Mtume hakuwaamuru wakawahoji walioileta. Aliwaelekeza wao wenyewe walitaje jina la Allah kisha wale. Hadithi hiyo niliifanyia mtihani na nikafaulu. Siku ile mezani ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimeijua bila kuitumia.

Nisieleweke vibaya. Msafiri ana haki na wajibu wa kuuliza. Katika nchi ambayo Waislamu ni wachache, asile kila kilichowekwa mbele yake kwa kisingizio cha dharura, wala asiamini kila bango bila kutazama aliye chini yake. Lakini akishamkuta Mwislamu anayetoa salamu, anayeuza chakula kwa jina la halali na ambaye yeye na watoto wake wanakila hicho hicho, basi kumdhania wema ni sehemu ya dini pia. Nikasema Bismillahi, nikala. Vijiti vilinishinda. Mjomba aliomba kijiko akamaliza bakuli lake kabla yangu.

Wakati wa kulipa yule mama alitutoza yuan 24 kwa mabakuli mawili, sawasawa na wateja wengine, na chai hakuihesabu. Nilipenda hivyo. Hatukupunguziwa kama maskini wala hatukuongezewa kama wageni.

Tulikula pale kila siku iliyobaki. Nilijifunza kuagiza unene wa tambi kwa kuonyesha kidole: kuna nyembamba kama nywele, kuna za wastani, kuna bapa kama jani, na kuna pana kama mkanda. Kwa msaada wa simu inayotafsiri, yule bwana alinieleza kuwa kwao ni Hualong, wilaya ya jimbo la Qinghai, na kwamba wengi wa jamaa zake wametawanyika katika miji ya China wakifungua migahawa kama huu. Wao ni Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina ambao wamekuwa sehemu ya nchi ile kwa karne nyingi. Tambi hizi zenyewe huitwa kwa jina la Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu, kwenye kingo za Mto Manjano. Umaarufu wake huhusishwa na Mhui mmoja aitwaye Ma Baozi, aliyeanza kuziuza katika mji huo mwaka 1915 akizunguka na vyombo vyake vikining'inia kwenye mti wa begani. Leo zimeenea China nzima, na maskini na tajiri huzila.

Zile herufi mbili, qingzhen, maana yake ni usafi na ukweli. Wahui hawakuchagua neno la nyama wala la kuchinja. Walichagua sifa mbili, na sifa hizo hizo huziandika kwenye msikiti na kwenye mgahawa, kwani msikiti kwa Kichina huitwa nyumba ya usafi na ukweli. Nililifikiria jambo hilo sana. Kwetu tumezoea kwamba msikitini kuna usafi na ukweli, na hotelini kuna chakula.

Ijumaa tulikwenda kuswali katika msikiti wa Xianxian, ambao uko karibu na kaburi ambalo mapokeo ya Waislamu wa China hulinasibisha na Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Wanahistoria wa Kiislamu wanaeleza kwamba Sa'd alifia karibu na Madina na kuzikwa huko, hivyo sikulichukua kaburi lile kuwa lake. Vilevile ile kauli mashuhuri inayoitaja China katika kutafuta elimu, wanazuoni wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Hata hivyo, umati niliouona haukuhitaji hoja dhaifu. Wahui, Waafrika, Waarabu na watu wa Bara Hindi walijaa hadi bustanini, na nje ya lango wauzaji walichoma nyama na mikate ya mviringo. Siku iliyofuata tulizuru msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti mikongwe ya China, na mnara wake wa duara wenye urefu wa mita 36. Inasimuliwa kwamba zamani taa yake iliongoza majahazi katika Mto Zhujiang.

Nikiwa chini ya mnara ule nilimkumbuka Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Kilwa yetu, ambayo misafara yake ya baadaye ilipita Ungoni kuelekea Ziwa Nyasa, na akamsifu Sultani wake kwa ukarimu kwa wageni. Katika miaka ya 1340 alifika China na kuutaja mji huu huu wa Guangzhou kwa jina la Sin Kalan, akieleza kuwa Waislamu walikuwa na sehemu yao yenye msikiti na soko. Anakiri kwamba mengi ya nchi ile yalimkera hata akawa hatoki nyumbani ila kwa haja, na kwamba alipokutana na Waislamu alifurahi kama aliyekutana na ndugu zake wa damu. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni nikiyaona ni maneno ya mtu mwenye kupenda kulalamika. Baada ya siku mbili za ndizi na karanga nilimwelewa.

Usiku wa mwisho tulikwenda kuaga. Mgahawa ulikuwa umetulia, na yule bwana akaketi nasi kwa mara ya kwanza. Alituuliza kwetu ni wapi, mjomba akamchorea ramani ya Afrika juu ya karatasi na kuweka nukta kusini mwa Tanzania. Akauliza kama Wachina wapo huko. Nikamwambia wapo, wamejenga barabara. Akasema kitu kwenye simu yake, na simu ikanisomea swali kwa Kiingereza cha mashine. Maana yake ilikuwa: na wale walio Waislamu miongoni mwao, wanakula wapi?

Lilikuwa swali la muuza tambi. Hakukusudia kunilaumu, wala hakujua lolote kuhusu Mjimwema. Lakini niliona vumbi jekundu kwenye buti zilizovuliwa mlangoni. Nilisikia Fatiha yangu niliyoidai, na herufi mbili nilizozisahihisha. Mtu yule alikuwa ametoka kambini, labda akipikiwa chungu kimoja na wenzake wasiojali halali wala haramu, akaja kwenye nyumba pekee mjini ambayo alidhani angeweza kuisoma. Tukampa mtihani, kisha tukamwacha aondoke na njaa.

Nilimjibu yule bwana kwa ukweli: "Sijui. Hatukuwauliza." Akaitikia kwa kichwa, bila hukumu, akaamka kutuletea chai.

Tuliporudi Songea nilitoa taarifa mbili mbele ya kamati. Ya kwanza ilikuwa ya vipaza sauti, na ilipita upesi. Ya pili ilikuwa kukiri kosa, na ilichukua muda. Mzee mmoja alisema kwamba wageni siku hizi ni wa kuogopwa, na hofu yake haikuwa ya kupuuzwa. Mwingine akasema hata yeye siku ile ya mwaka 2016 alitaka kumkaribisha yule mtu, lakini aliona katibu hajamaliza kumhoji. Hakusema zaidi, na hakukuwa na haja.

Tulikubaliana jambo dogo. Kila Ijumaa familia moja, kwa zamu, huandaa chakula cha mtu mmoja zaidi. Akitokea msafiri au mgeni asiye na mwenyeji, familia hiyo humchukua. Asipotokea, chakula huliwa na jirani. Maswali ya jina na atokako huulizwa baada ya kula, kama adabu yetu ya zamani ilivyokuwa kabla hatujawa wasomi. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat tulikuwa tukiisoma mara kwa mara katika mawaidha ya udugu. Sasa tunajitahidi kuiwekea sahani.

Nyumbani kwangu nako mambo yalibadilika. Tambi sisi tulizijua kama futari, zilizopikwa kwa nazi, sukari na iliki. Mke wangu aliposikia habari za tambi za supu alitaka kujaribu. Tulikanda kilo moja ya unga wa ngano kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, tukaupumzisha, nikajaribu kuuvuta kama nilivyoona. Ulikatika mara tatu, watoto wakacheka mpaka wakaketi chini. Mwishowe tuliusukuma kama wa chapati na kuukata kwa kisu vipande vyembamba. Supu tuliipika kwa mifupa ya ng'ombe kwa saa tatu, kwa moto mdogo, na tangawizi na mdalasini. Mezani tuliweka giligilani na pilipili. Hazikuwa tambi za Lanzhou, lakini usiku wa baridi ya Julai hakuna aliyebakiza. Familia zinazotaka kujaribu nazishauri zisiharakishe supu, kwa kuwa ladha yote imo humo.

Ramadhani moja baada ya hapo zamu ilikuwa yetu. Baada ya Magharibi alibaki msikitini dereva wa lori aliyeharibikiwa na gari akielekea Mbinga. Nilimpeleka nyumbani. Binti yangu mdogo alimnawisha mikono, akamwekea bakuli, akasimama kando. Nilipotaka kumuuliza mgeni habari zake, binti yangu akanivuta kanzu.

"Baba," akaninong'oneza, "bado hajamaliza."

Nikanyamaza mpaka alipomaliza.

Yule ndugu yetu wa mwaka 2016 sijamwona tena. Barabara tunaipita kila wiki, na nyumbani kuna kofia nyeupe niliyopewa na muuza tambi usiku ule wa kuagana. Namwomba Allah amsamehe katibu aliyemsahihisha, na amjaalie huko aliko mlango wenye zile herufi nne, na ndani yake mtu mwenye unga mikononi.